Mcheza kwao hutunzwa: Je, sisi twamtunza?

Mwezi huu twataka kusema neno ambalo labda halitawapendeza wote, na hasa halitawapendeza baadhi ya wazee wetu wa kanisa, ambao twawaheshimu kama baba zetu. Walakini, kunyamaza kwetu kumekuwa kurefu mno, na mwenye kuficha ugonjwa kifo humwumbua. Basi tutasema, na atakayeona tumekosea na atujibu katika gazeti hili hili.

Neno lenyewe ni habari ya vijana wanaopiga magitaa ya umeme na kutoa santuri zao wenyewe kwa fedha zao wenyewe. Tumesikia mara nyingi barazani, na hata mimbarani, kwamba kazi hiyo ni uhuni, kwamba makelele yale ni ya Shetani, na kwamba kijana wa Kikristo apigaye gitaa kwa nguvu amekwisha kupotea. Hayo husemwa mchana. Jioni ikifika, wale wale wasemao huwasha redio au simu zao na kusikiliza nyimbo za wageni, au nyimbo za kwaya ya jirani walizozinakili bure bila kumlipa aliyezitunga. Sisi twasema kwamba makosa hapa ni mawili, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza. La kwanza ni kuhukumu bila kujua. La pili ni kula jasho la mtu na kumtukana juu yake.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tutawapa mfano wa jirani zetu wa Zambia, nchi tunayopakana nayo, na ambayo reli ya TAZARA yatuunganisha nayo tangu miaka ya 1970, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, mwendo wa kilometa 1,860. Reli ile ilijengwa ili kuchukua shaba. Mfano wetu watoka kwa watu wa shaba hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 palikuwa na vijana katika Zambia waliojiita WITCH. Neno hilo kwa Kiingereza maana yake ni mchawi, na twajua kwamba msomaji akifika hapa atatikisa kichwa. Asitikise bado. Vijana wale walieleza kwamba kila herufi ilisimama badala ya neno, na maneno yote pamoja yalikuwa na maana ya kwamba "twakusudia kuleta ghasia". Ni jina la kitoto, nasi hatulisifu. Mmoja wao alikuwa mwimbaji, Emmanuel Chanda, aliyepewa jina la utani Jagari, kwa kumfuata mwimbaji wa Kiingereza Mick Jagger, ila walilipindua jina hilo mpaka likakaa vema katika kinywa cha Mwafrika. Wenzake walipiga magitaa mawili, gitaa la sauti nzito, na ngoma.

Vijana hao hawakuwa na kampuni ya kuwashika mkono. Nchi yao ilikuwa na uhuru tangu tarehe 24 Oktoba 1964, ina migodi na fedha ya shaba, lakini haikuwa bado na desturi ya kutoa santuri ndefu za wanamuziki wake. Basi walijikusanyia nguvu zao, wakaingia chumba cha kurekodia chenye vyombo vichache, wakapiga nyimbo zao. Santuri hiyo wakaiita Introduction, yaani Utangulizi, nayo yahesabiwa na wengi kuwa santuri ndefu ya kwanza ya bendi ya Kizambia kuuzwa madukani na mikononi mwa watu. Hawakuwa na bwana wa kuwatangazia. Waliipeleka wao wenyewe penye watu waliokuja kuwasikiliza, wakaiuza hapo hapo, kama vile mwanamke auzavyo mayai yake gulioni.

Tusipite upesi hapa, maana wengi huona santuri na wasijue kazi iliyomo. Kwanza sauti hunaswa juu ya utepe. Kisha utepe hupigwa, na sindano ya mashine huchonga mfereji mwembamba katika sahani laini iliyopakwa rangi ya vanishi, mfereji mmoja tu, unaozunguka toka ukingoni mpaka katikati. Sahani ile hupakwa madini, na yale madini yakibanduliwa huwa muhuri wa chuma. Ndipo muhuri huwekwa katika shinikizo lenye moto, na donge la plastiki nyeusi hubanwa katikati, likatoka sahani. Kila daraja ina gharama yake, na fedha hulipwa kabla haijauzwa hata moja. Mtu akikosea daraja moja, sahani zote zimeharibika. Kijana aliyeikamilisha kazi hii kwa fedha yake, bila mkopo wa serikali wala msaada wa mzungu, je, huyo ndiye mtambaji mvivu mnayemsema barazani? Sisi twamwona kuwa fundi na mfanya biashara.

Sasa twawajibu wale wanaopinga, neno kwa neno.

Neno la kwanza wanasema: "Muziki huo si wetu, ni wa Wazungu, vijana wanaiga tu." Ndugu zetu, hapa hamjafuata mto mpaka chemchemi yake. Muziki ule mzito wa magitaa ulizaliwa na muziki uitwao bluzi, na bluzi ulizaliwa na Waafrika waliochukuliwa utumwani mpaka Marekani. Wajukuu wao waliuimba katika mashamba ya pamba ya Mississippi, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha wengi walihama kwenda miji ya kaskazini kutafuta kazi za viwandani. Mmoja wao, Muddy Waters, alifika Chicago mwaka 1943, na kwa kuwa mji ulikuwa na makelele, gitaa la mti halikusikika, akashika gitaa la umeme. Vijana wa London walizisikia santuri za watu hao wakazipenda mno. Mwaka 1962 baadhi yao walifanya bendi, wakaiita Rolling Stones, jina walilolitwaa katika wimbo wa Muddy Waters mwenyewe. Mwimbaji wao ndiye yule Mick Jagger. Na kutoka kwa hao na wenzao walioongeza uzito juu ya uzito, kama Deep Purple na Black Sabbath, sauti ikarudi kwa njia ya redio na santuri mpaka mitaa ya wachimba shaba, ikamkuta Jagari.

Basi utazame mwendo huo: Afrika, Mississippi, Chicago, London, kisha Afrika tena. Je, mtoto aliyeuzwa akizaa, na wajukuu wake wakarudi nyumbani wamevaa nguo za kigeni, twafunga mlango na kusema hatuwajui?

Ninyi walimu mnaofundisha nyimbo kwa do-re-mi mwaweza kujipima wenyewe. Chukueni ngazi ile mnayoiandika ubaoni, ishusheni "mi" nusu hatua mpaka iwe "ma", na "ti" mpaka iwe "ta". Imbeni sasa. Hiyo ndiyo huzuni ya bluzi. Kisha mtasikia kwamba haiko mbali na nyimbo nyingi za wazee wetu za kulima na kutwanga. Na tena, katika bluzi mwimbaji husema mstari, huurudia, kisha huujibu kwa mstari wa tatu, na yote hukaa katika vipimo 12. Gitaa nalo humwitikia kila anyamazapo. Nani kati yetu asiyejua habari ya kiongozi na waitikiaji? Mama zetu walitwanga kwa mpango huo.

Hatukatai kwamba hapo mwanzo vijana wa Zambia waliiga. Waliimba sana kwa Kiingereza, na santuri yao ya kwanza yaonyesha hivyo. Lakini mwanafunzi huanza kwa kufuatisha herufi za mwalimu. Na nyimbo zetu za kitabuni je? Tuni nyingi tuziimbazo Jumapili zatoka Ujerumani, Uingereza na Marekani, na maneno yake yamefasiriwa. Hatuoni haya kwa hilo, nasi tusione. Bali mwenye kuimba kwa tuni ya Mjerumani asimcheke apigaye gitaa la Chicago.

Neno la pili wanasema: "Chombo chenyewe ni cha Shetani, mahali pake ni katika vilabu vya pombe." Hapa twaomba mstahimili kidogo, tuwape habari ya kinanda cha kanisani, kile chenye mabomba, ambacho wengi hudhani kilishuka mbinguni pamoja na kengele. Kinanda kile kilibuniwa katika mji wa Alexandria, huko Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na fundi aliyeitwa Ktesibio, aliyetumia maji kusukuma hewa. Warumi wakakipenda, wakakipiga katika viwanja vya michezo, pale pale watu walipopigana na kuuana ili kufurahisha makutano. Wakristo wa kwanza hawakukiingiza katika ibada yao. Zilipita karne nyingi. Mwaka 757 mfalme wa Konstantinopoli alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafranki, kinanda cha namna hiyo kuwa zawadi, na baadaye polepole kikaingia makanisani. Leo mtu akitaka kukitoa, wazee watamfukuza.

Basi chombo kilichotoka penye damu kimefanywa kitakatifu kwa matumizi. Kwa nini gitaa lisiweze? Na hapo Zambia penyewe mna ushuhuda. Rais wa kwanza, Kenneth Kaunda, alikuwa mwana wa David Kaunda, mwalimu na mchungaji wa misheni ya Waskoti huko Lubwa. Katika siku za kudai uhuru mwana huyo wa mchungaji alisafiri vijijini kwa baiskeli, na gitaa lake alilichukua pamoja naye, akiimba na watu. Hatujapata kusikia mtu akisema kwamba gitaa lile lilikuwa la pepo.

Juu ya vilabu vya pombe, hatuna ugomvi nanyi. Ulevi umebomoa nyumba nyingi, katika Zambia na katika vijiji vyetu, nasi hatutautetea hata kwa nukta moja. Lakini tuulize: ni nani aliyewapeleka vijana vilabuni? Walihitaji mahali penye paa, penye umeme, na penye watu walio tayari kulipa. Shule zilifungwa jioni. Kumbi za kanisa zilifungwa kwa makufuli. Mwenye pombe alifungua mlango. Mkimnyima mtu kiti nyumbani mwenu, msistaajabu kumkuta kwa jirani.

Neno la tatu wanasema: "Jina lao ni baya, na mwisho wao ulikuwa mbaya, wengi walikufa kwa ugonjwa wa aibu." Neno hili latuumiza kuliko yote. Jina tumekwisha kulijibu: ni baya, na laiti wangechagua jingine. Lakini Bwana wetu alitufundisha kuupima mti kwa kile unachozaa, wala si kwa kibao kilichotundikwa juu yake. Mwana muziki mwingine wa nchi hiyo, Paul Ngozi, aliyesifiwa mno kwa gitaa lake, alitoa mwaka 1976 santuri iliyoitwa Day of Judgement, yaani Siku ya Hukumu. Jina hilo lingefaa mlango wa kanisa, nayo ilipigwa kwa gitaa lile lile lenye kukoroma kama simba.

Na juu ya mwisho wao, fahamuni jinsi mambo yalivyokwenda. Katika mwaka 1975 bei ya shaba ilianguka sana katika soko la dunia, na nchi iliyotegemea shaba kwa karibu fedha yake yote ya kigeni ikaanguka pamoja nayo. Upande wa kusini kulikuwa na vita vya Rhodesia, na usiku watu waliamriwa kukaa ndani, hata bendi zikawa hupiga mchana. Serikali iliamuru kwamba katika kila nyimbo 100 za redio 95 ziwe za nyumbani, na hilo lilisaidia kwa kitambo. Lakini mikanda ya kaseti ikaja, na kila mtu mwenye mashine akawa aweza kunakili santuri ya mwenzake, akaiuza sokoni kwa bei ya bure, na mtungaji asipate hata senti. Kisha ikaja tauni ya UKIMWI, ikawafagia wanamuziki wengi wa kizazi kile. Wa kikosi tulichokitaja amebaki Chanda peke yake.

Je, ninyi msemao "ugonjwa wa aibu", hamkuzika mtu kwa ugonjwa huo? Sisi tumezika. Tumezika walimu, tumezika wazee wa kanisa, tumezika wakina mama waliokuwa hawana kosa lolote. Mwenye kuutumia msiba huo kuwa fimbo ya kumpiga mpiga gitaa, basi na ajitazame kwanza katika uwanja wa makaburi wa kijiji chake.

Na huyo Chanda aliyesalia, wajua alifanya nini alipotoka katika bendi? Alijifunza ualimu, akafundisha muziki. Huyo ni mwenzetu, enyi walimu, wa chaki na ubao kama sisi. Baadaye mambo yalipokuwa magumu alikwenda kuchimba vito ardhini ili apate kula. Mtu ambaye sauti yake ilijaza viwanja akashika sululu! Na santuri zake zilikuwa wapi? Nyingine zilivunjika, nyingine zilitupwa, nyingine zilifanywa vifuniko vya mitungi na watoto wakachezea. Watu wake mwenyewe walikuwa wamemsahau.

Ndipo wakaja wageni. Watu wa Ulaya na Marekani walianza kuzitafuta zile sahani kuukuu, wakazinunua kwa mamia ya dola moja moja. Mwaka 2012 kampuni moja ya Marekani, Now-Again, ilizitoa upya zote katika sanduku moja. Mwaka 2019 ikatoka filamu ya habari zao. Mwimbaji akaitwa kwenda kuimba Ulaya na Marekani, mzee mwenye mvi mbele ya vijana wa Kizungu wanaoyajua maneno ya nyimbo zake kwa moyo. Na mwaka 2023, yeye pamoja na Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa kikosi cha baadaye, na vijana wapya, walitoa santuri mpya iitwayo Zango, waliyoirekodi huko huko Lusaka.

Twafurahi kwa ajili yake. Lakini furaha yetu ina uchungu ndani yake. Methali yasema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao, akatunzwa ng'ambo, tena alipokuwa amekwisha kuzeeka na wenzake wamekwisha kuoza kaburini. Methali yetu imegeuka uwongo, na walioigeuza ni sisi.

Twasema "sisi" kwa kusudi. Msidhani kwamba twanyoshea kidole Wazambia. Tufike sasa nyumbani, maana hapa ndipo panapotuuma.

Iko kwaya moja katika sehemu zetu, hatuitaji kwa jina. Vijana wale na mama wale waliuza mahindi na kuku, wakachanga kwa muda wa miaka 2, wakaenda mjini kurekodi nyimbo zao. Gitaa lao hukoroma kidogo, ngoma zake nzito, na baadhi ya wazee walikunja uso. Waliporudi na kazi yao, watu waliishangilia. Leo ukipita njiani, utaisikia katika basi, katika duka, katika kinyozi, katika harusi na katika matanga. Tulimwuliza kiongozi wao wameuza ngapi. Akatuambia kwamba hata gharama ya gari la kwenda mjini haijarudi. Mtu mmoja alinunua, akampa jirani anakili katika simu, jirani akampa shemeji, shemeji akampeleka kijana mwenye duka la kompyuta, na huyo huwajazia watu kadi za simu kwa fedha kidogo. Mwenye duka amejenga. Kiongozi wa kwaya amekata waya ya gitaa, na hana fedha ya kununua nyingine.

Nasi tunaoandika haya hatuna mikono safi. Tulipokuwa tukiandika makala hii tulitazama katika simu yetu wenyewe, tukaukuta humo wimbo wa kwaya ile. Tulipewa na rafiki baada ya ibada, tena tulisema "Bwana asifiwe". Hatukulipa kitu. Basi juma lile lile tulimwendea kiongozi tukampa bei ya sahani, naye alistaajabu, akasema sisi ni wa kwanza kumrudia. Tuliona haya mno, wala hatukuwa na la kumjibu.

Wengine watasema: "Wimbo wa Mungu hauuzwi, ni injili, nayo hutolewa bure." Neno hili lina sura ya utakatifu, lakini ndani yake mna ubahili. Biblia yenyewe twainunua. Kitabu cha nyimbo twakinunua. Gazeti hili mmelinunua, nasi twawashukuru, maana mchapaji hula na karatasi haioti mtini. Fundi aliyetengeneza mabenchi ya kanisa alilipwa, wala hakuna aliyemwambia kwamba benchi ni la Mungu na kwa hiyo arudi nyumbani na njaa. Maandiko hayaruhusu kumzuilia kibarua ujira wake. Je, mtunga nyimbo si kibarua kwa sababu kazi yake haishikiki mkononi? Na sheria ya nchi nayo imekwisha kusema: Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na Kenya ya mwaka 2001. Mwenye kunakili na kuuza kazi ya mtu bila idhini avunja sheria ya serikali pamoja na amri ya nane.

Tena iko hasara nyingine kuliko ya fedha. Kijana aonapo kwamba aliyejitahidi akatoa kazi yake kwa jasho lake amebaki maskini na kutukanwa, naye aliyeiba amejenga, yeye atajifunza nini? Atajifunza kwamba kubuni ni ujinga na kuiba ni akili. Hilo ni somo tunalolifundisha kila siku bila ubao, na wanafunzi wetu wanalifaulu vema.

Basi twasema nini mwisho wa maneno haya?

Kwenu wazee wa kanisa: msihukumu sauti kwa ukubwa wake. Sikilizeni maneno, tazameni mwenendo wa mwimbaji, ndipo mseme. Fungueni kumbi za kanisa mara moja katika mwezi, jioni, vijana wapige mbele yenu na mbele ya wazazi wao, bila pombe. Mkiona neno baya, lisahihisheni hapo hapo kama baba. Aliye ndani ya nyumba huonyeka, lakini aliyefukuzwa hamtasikia hata habari zake.

Kwenu walimu: andikeni nyimbo za kijiji chenu kwa do-re-mi kabla wazee hawajazichukua kaburini, na mwenye gitaa mumwonyeshe njia ya kuzipiga. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na kazi za watu zitokazo, hifadhini moja katika sanduku la shule, pamoja na jina la mtungaji na mwaka, ili wajukuu wetu wasije wakalazimika kuzinunua tena kwa wageni.

Kwenu vijana: chagueni jina zuri. Lipeni madeni yenu. Msidhani kwamba kelele ni ufundi, wala kwamba mvinyo huongeza sauti. Wale wa Zambia walipendwa kwa kuwa walifanya mazoezi kwa muda mrefu na kupatana vidole kwa vidole, na mwenye shaka asikilize jinsi gitaa mbili zinavyopishana bila kugongana. Na kazi yenu mkiisha kuitoa, iandikisheni kwa serikali, ili ijulikane kuwa ni yenu.

Na kwetu sote tununuao na tusikilizao: kabla ya Jumapili ijayo, kila mtu na atazame katika simu yake au katika kabati lake, ahesabu nyimbo alizo nazo za watu wa karibu ambazo hakuzilipia. Ahesabu kwa kweli. Kisha aende kwa mwenyewe akamlipe, au akinyimwa na umaskini, aende akamwambie asante uso kwa uso na kumwomba radhi. Kiongozi wa kwaya tuliyemsema akaa karibu, wala nauli ya basi haihitajiki.

Sisi tumekwisha kuanza. Na waya ya gitaa lake, kwa habari yenu, haigharimu hata bei ya kuku mmoja.